Kamera ya Mama Hamisa

Jioni ile nilitoka kazini nikashukia Kinondoni kutafuta kamera ya video ya bei nafuu. Nisiseme uongo, kamera yenyewe sikuihitaji. Nilichotaka ni kumkomesha wifi yangu.

Wifi yangu anaitwa Tusajigwe, dada wa mume wangu Fredrick. Kila Desemba ukoo mzima tunapanda basi stendi ya Mbezi Luis kwenda Tukuyu, na kila Desemba kamera anashika yeye. Krismasi ikifika, video inaoneshwa ukutani na majirani wanakuja kutazama. Mwaka jana niliitazama saa moja na nusu nzima. Mama mkwe anacheka. Fredrick anachoma nyama. Binti yangu Lusungu anarukaruka kwenye majani. Mie nilionekana mara moja tu, mgongo, nimeinamia sufuria. Watu wakacheka. Nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira.

Sasa Lusungu alikuwa anapata kipaimara Jumapili. Niliapa kwamba video ya siku hiyo nitapiga mie, na Tusajigwe hatatokea hata kidole.

Muuzaji wa duka, Audax, alinionyesha kamera tatu.

"Ya nyumbani na safari, mama, angalia vitu vitatu tu. Ivute mbali picha isiharibike, mkono ukitikisika yenyewe itulie, na betri ikae. Mengine mbwembwe."

Halafu akataja bei. Nikamshukuru, nikatoka. Adhana ya magharibi ilikuwa inasikika na maduka yanawasha taa.

"Mdogo wangu..."

Mwanamke alikaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Alinuka kama chumba kisichofunguliwa muda mrefu. Kamera ilikuwa mapajani mwake. Wapita njia walikuwa wanakanyaga pindo la kanga yake, na hakuna aliyesema samahani.

"Laki moja tu," alinong'ona. "Inavuta. Haitikisiki. Betri haiishi."

"Haiishi vipi?"

"Haiishi."

"Ina ubovu gani?"

Akanitazama sana. "Ina wivu. Unayempiga, anabaki. Unayemkwepa makusudi... anatoka."

"Anatoka wapi?"

"Anatoka."

Ningekuwa na akili ningekimbia. Lakini nilimfikiria Tusajigwe, na moyo ukanidunda kwa furaha.

"Nijaribu mie kwanza uone picha," akasema upesi, akinisukumia kamera. "Tafadhali... mwaka wa sita sasa."

Nikaiwasha, nikamwelekezea. Kwenye kioo alitokea vizuri kabisa, machozi yanamtiririka.

Ng'ambo ya barabara mwanamume akaangusha mfuko wa nyanya.

"Mama Hamisa? Mama Hamisa! Ulikuwa wapi?"

Mwanamke akamkimbilia. Hata hela yangu hakuichukua.

Jumapili nilipiga kila kitu. Kanisa, vigelegele, gauni jeupe la Lusungu. Nyumbani turubai lilijaa watu. Tusajigwe alikuja na kamera yake begani.

"Wifi, leo we kula tu," nilimwambia.

Kila alipojisogeza kwa wenzake, niligeuza mkono.

"Mbona unanikwepa, wifi?"

"Mwanga mbaya hapo ulipo."

Wakati wa chakula sahani zilimpita. Mama mkwe aliwataja watoto wake wote mbele ya wageni, akamruka. Tusajigwe akamgusa begani. "Mama..." Mama mkwe akajipangusa bega, kama mtu aliyetuliwa na nzi. Tusajigwe akaguna, akaita tena, akapiga kelele. Hakuna aliyegeuka.

Akanitazama mie. Mie peke yangu nilikuwa namwona.

Nami nilifurahi. Nilifurahi mpaka mwili ukapata joto, nikaendelea kupiga.

Keki ikakatwa. Mshereheshaji akatangaza, "Sasa binti amlishe mama mzazi!"

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri tangu Krismasi. Lusungu akaja na kipande cha keki mkononi, anatabasamu. Nikashusha kamera, nikafungua mdomo.

Kipande kikapita karibu na midomo yangu. Nilisikia harufu ya vanila.

Akasimama katikati ya turubai, anaangaza huku na huku.

"Mama mzazi yuko wapi?" mshereheshaji akauliza.

Wageni wakatazamana.

"Huyu hana mama," mama mkwe akajibu. "Nimemlea mie."

Lusungu akamlisha bibi yake. Watu wakapiga makofi. Fredrick naye alipiga makofi.

"Lusungu! Nipo hapa, mwanangu!"

Nililia, nikamshika mkono. Akajikuna pale nilipomshika.

Nilirudisha video mwanzo, nikaitazama yote palepale chini ya turubai. Wote wamo, isipokuwa Tusajigwe. Mie simo popote, kwa kuwa siku nzima nilikuwa nyuma ya kamera, kwa kupenda kwangu. Nikaiweka juu ya meza, nikaenda kukaa mbele yake. Kwenye kioo kilitokea kiti kitupu; ilitaka ishikwe na mkono wa mtu mwingine.

Kamera hii ilichezewa na nani mpaka ikawa hivi, sijui. Mama Hamisa sijamwona tena. Ninachojua ni kwamba anayetuona ni mtu mwenye kijicho tu, na hao si wengi kama nilivyodhani.

Sasa kila jioni tunakaa kwenye kibaraza kile cha Kinondoni, mie na Tusajigwe. Tungeweza kurudi nyumbani hata leo. Nimpige yeye, kisha yeye anipige mie.

"Anza kunipiga mie, wifi," ananiambia. "Naapa sitakimbia."

"Anza wewe."

Kamera inakaa katikati yetu, imewaka. Huu ni mwezi wa nne tunakaa hivi.

Jana alilia, akasema basi, akija mnunuzi tukae bega kwa bega, tuingie kwenye picha wote wawili. Nikamwambia sawa, wifi yangu. Tukashikana mikono.

Leo magharibi mwanamke mmoja ametoka dukani kwa Audax, amenuna, mkoba ameubana kwapani. Ametazama huku. Amesimama.

Ananiona.

"Mdogo wangu..." nimemwita. Kisha nimemgeukia Tusajigwe, nimemnong'oneza taratibu.

"Sogea kidogo, wifi. Mwanga mbaya hapo ulipo."