Anayegusa Waya

Swichi ya usalama ilianguka tena, klak, na nyumba ya Lydie ikanuka nywele zilizoungua. Hakuna aliyeunguza nywele. Lydie, mwalimu wa chuo kikuu na mwanamke asiyekubali kutishwa, alikimbia koridoni akaipandisha, kisha akasikiliza hadi mashine ya oksijeni ya mama yake ilipoanza kuvuma upya. Bila mashine hiyo Mama Georgette hangeiona jioni, na swichi ilikuwa ikianguka mara nyingi zaidi kila siku.

Alasiri alikuja Zagabe, fundi umeme wa mtaa huo wa Muhumba. Alichomoa friji, pasi, televisheni, hata chaja za simu, akaiacha mashine ya oksijeni tu. Akashusha laini zote, akazipandisha moja moja. Ya koridoni, isiyokuwa na kitu, ikaangusha swichi. Akaikata, tatizo likahamia jikoni. Akaikata ya jikoni. Likahamia chumba cha mgonjwa.

Zagabe alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango.

"Maman Lydie," alinong'ona akionyesha swichi, "hii disjoncteur haianguke bure. Inaangukaka kama courant ya umeme inapita mu mwili ya mutu. Inakata mbio, juu ule mutu asikufe."

"Mutu gani? Umechomoa kila kitu."

"Njo maana naogopa. Iko kitu mu ukuta, inagusa waya."

Lydie aliogopa, naam, lakini hasira ilimpanda kuliko woga. Kumbe swichi ilikuwa ikimlinda jini! Akigusa, anaokolewa, na anayelipia ni Mama Georgette kwa pumzi zake.

"Weka direct," alisema.

"Aa, maman! Bila disjoncteur? Mimi nakataaka hiyo. Watu wanakufaka!"

"Sisi hatutagusa kitu. Yeye anapenda kugusa? Aguse basi."

Zagabe alirudisha laini zote, akaunganisha umeme moja kwa moja kwa kipande cha waya, bila kupitia swichi. Taa ziliwaka kali, ukuta wa koridoni ukaanza kunguruma, na mkwaruzo ukakimbia ndani yake kupitia jikoni hadi juu ya kitanda cha mgonjwa, ambako rangi ilitoa jasho na harufu ya nywele ikawa nzito hata Zagabe akapiga magoti na kuanza Salamu Maria asiimalize, kwa sababu mle ukutani mlitoka sauti, na sauti ilikuwa ya Mama Georgette mwenyewe, ikilia: "Lydie mwanangu, inaniunguza! Kata courant! Kata!"

Mkono wa Lydie ulikwenda wenyewe kwenye swichi kuu. Akamtazama mama yake kitandani kupitia mlango uliokuwa wazi. Mama Georgette alikuwa macho, mdomo umefungwa chini ya barakoa, akitikisa kichwa: usikate.

"Wewe si mama yangu!" Lydie aliupigia ukuta kelele. "Toka kwetu! Toka!"

Ukuta ulipiga yowe refu, kisha ukanyamaza. Mashine iliendelea kuvuma. Zagabe aliondoa ule waya, akairudisha swichi kazini, nayo haikuanguka tena.

Asubuhi Chantal, jirani wa nyumba ya chini, alibisha hodi bila viatu.

"Maman Lydie, unisamehe. Kwetu courant inajikata tangu mapema, na ukuta ya chumba ya watoto inanguruma. Ukuje uone."

Lydie aligeuka kumwangalia mama yake. Hakutaka kumwacha hata kidogo. Mama Georgette aliinua barakoa kwa kidole.

"Enda," alisema. "Mimi napumua."