Kona ya Bomba la Jikoni

Mama mkwe alizoea kuchota maji kwenye koki ya uani na kuyabeba kwa ndoo hadi jikoni. Wiki iliyopita magoti yake yalimsaliti, akaanguka na ndoo yake. Hakuumia, lakini binti yake, ambaye ni mshonaji, alimkataza kubeba ndoo. Bila maji hakuna kupika, na bila kupika mama mkwe alijiona mgeni. Alishinda kibarazani. Nyumba nzima ilisikitika.

"Mama, usijali," mkwe wake, dereva wa lori, alimwambia. "Nitakuletea maji mpaka jikoni."

Dereva huyu ni mtu mwema, ila hapendi kuuliza. Alinunua bomba jembamba la shaba, lile laini linalokunjika kwa mkono. Alipolifikisha kutoka uani hadi kwenye kona ya ukuta, aliliegemeza gotini akalivuta. Bomba likabonyea. Akakata kipande kibovu, akavuta kwa nguvu zaidi. Likabonyea tena.

"Baba watoto," mkewe alisema, "ukiendelea hivyo tutabaki na mrija wa kunywea soda."

Dereva hakucheka. Bomba lililobaki lilitosha kona moja tu.

Mkewe akamwita jirani yao, mama mmoja fundi wa friji. Alikuja na springi ndefu ya chuma.

"Shemeji, kuuliza si ujinga," alisema, huku akilivisha bomba ile springi. "Ukilikunja bila kitu cha kulishika, linabonyea na njia ya maji inaziba. Springi inalibana pande zote, halina pa kubonyea. Lakini lazima ilingane na bomba. Ikipwaya, haisaidii."

"Nivute sasa?"

"Polepole. Kona iwe pana. Pitiliza kona kidogo, halafu irudishe kidogo, springi ilegee."

Dereva alikunja taratibu. Kisha akachukua nati ili aifunge mwishoni mwa bomba. Fundi akamshika mkono.

"Toa springi kwanza, shemeji. Ukifunga nati, springi itanasa hapo mpaka kiama. Na usiivute, izungushe."

Akaizungusha, ikatoka. Kona ilikuwa ya mviringo, haina hata kibonyo. Dereva alifurahi, akaipapasa mara kadhaa.

Jioni waliweka koki mpya jikoni. Mama mkwe aliifungua mwenyewe. Maji yakatoka kwa nguvu, yakajaza sufuria. Wote walisimama hapo wakitazama.

"Haya, tokeni jikoni kwangu," alisema mama mkwe. "Mnanibana, na mimi nataka kupika."