Kinachogonga Mkiani

Ilianza na kamba tu. Kila wakimaliza kazi, kaka mtu na mdogo wake waliiingiza ile helikopta ndogo bandani, wakalifunga kwa kamba panga lake la juu kwenye mkia lisizunguke, na asubuhi kamba wanaikuta chini, imekunjwa vizuri kama shuka la mgeni. Kila mmoja akajua ni mwenzake anamchokoza.

Kuulizana hawakuulizana. Mwaka wa tatu huo hawasemeshani, kisa nyumba ya marehemu baba yao. Kazini wakajitungia lugha. Wanabandika vigurudumu kwenye miguu ya chuma ya helikopta, mkubwa anasukuma kutoka mbele, mdogo yuko nyuma anaulinda mkia usigonge ukuta, maana banda lina mteremko, na kuonana hawaonani. Mdogo akigonga bati mara moja, sukuma. Mara mbili, simama. Wanaume na ndevu zao, wanaongea kama kuku anayedonoa sufuria.

Mchana mmoja mkubwa kasikia ko, akasukuma. Kumbe mdogo yuko nje anakunywa maji. Mkia ukakwaruza ukuta, na pale nyuma pasipo mtu pananuka nywele zilizoungua.

Habari zikamfikia mama yao, akawaita kwa mganga, kila mmoja kwa siri yake. Mkubwa kumwona mdogo kakaa pale, akageukia mlango.

"Kaa usikie, mwanangu," mama akamwambia.

"Nitasikia nyumba ikigawanywa," akajibu, akaenda zake.

Kwa hiyo neno lenyewe alilisikia mdogo peke yake. "Hilo linajua kugonga tu," mganga alinong'ona. "Ulimi halina. Mwite kaka yako kwa mdomo, litatoka."

Mdogo alirudi nyumbani analia njia nzima. Akamwapia mama yake kwamba kesho ataanza yeye kumsemesha kaka.

Kesho yake wakaishika helikopta, mkubwa akasikia ko, akasukuma, vigurudumu vikaufuata mteremko, na ile harufu ikamjaa puani, na kule mkiani ikatoka sauti ya mdogo wake, sauti ambayo miaka mitatu hajaisikia, inasema taratibu kama mtu anayeomba radhi, "Kaka, simama. Ni mimi, kaka," naye nywele zikamsimama, akajisemea huyu si mdogo wangu, mdogo wangu hasemi na mimi, hili ndilo lenyewe limekuja, acha nilibane hapohapo, akafumba macho, akasukuma kwa nguvu zote alizopewa, mpaka mkia ukagota kwenye kitu ambacho si ukuta.

Nyumba sasa ni ya mkubwa yote, lakini usingizi haupati humo. Helikopta hairuki tena, imefungwa kamba pande zote, imefunikwa turubai. Kila mchana anakwenda kukaa mkiani, anamwita mdogo wake kwa mdomo, anaita, anaita, koo limekauka.

Anajibiwa, ndiyo.

Ko. Mara moja tu.