Alama ya Marehemu

Giza likianza kuingia, Fundi alifunika cherehani yake, akaenda duka la jirani kununua bando. Hakuwa na raha. Mama yake alikuwa wiki ya tatu kitandani, na kila siku alimng'ang'ania kwa swali lile lile: "Mwanangu, mama yangu alinitupa, au alinyang'anywa mimi?"

Mama alijua jambo moja tu. Baba yake alivuka mpaka naye akiwa mchanga, hata meno hajaota. Mzee akafa kimya, siri yake kaenda nayo kaburini.

Sasa kulikuwa na tovuti ya nasaba iliyokusanya daftari za wahamiaji. Fundi akaketi sebuleni na simu, akajaza majina, akalipata la mama. Lilikuwa limefungwa. "Mhusika yu hai. Taarifa zake haziwezi kuonyeshwa."

Fundi alisonya. Alikuwa mtu wa kukata kitambaa kwanza, vipimo baadaye. Chini ya jina palikuwa na vijisanduku viwili: Hai. Marehemu.

"Kufa kufaana," alijitania, akabonyeza Marehemu.

Ukurasa ukafunguka. Picha ya mwanamume amepakata kichanga. Chini yake, mwandiko wa karani wa mpakani: "Mke amezuiliwa, hana hati. Anamlilia mtoto."

Machozi yalimlenga. Kumbe hakutupwa! Aliinuka akampe mama jibu lake.

Simu ikalia. Kulikuwa na ujumbe ndani ya tovuti.

"Hatukujua kama amekwisha kufa. Asante kwa taarifa. Mama yake anakuja kumpokea."

Ndugu gani huyu wa utani mbaya? Fundi akatazama jina la mtumaji. Pembeni yake palikuwa na alama.

Marehemu.

Ndipo harufu ikaingia... kafuri, na udongo mbichi. Taa haikuzimika. Heri ingezimika, maana aliona pazia la chumba cha mama likisogea, kama linavyosogezwa na mtu anayepita.

Nyuma ya pazia mama akacheka. Kicheko chembamba.

Cha mtoto.

Fundi aliinamia simu. Haraka alirudisha alama kwenye Hai. Tovuti ikagoma: "Mhusika athibitishe mwenyewe, kwa kidole chake."

Akakimbilia chumbani. Mama, ambaye juzi alishindwa kuinua kikombe, alikuwa ameketi wima, mikono kainyoosha mbele.

"Mama, bonyeza hapa! Nakuomba, weka kidole tu!"

Mama hakugeuka. Alikuwa akitazama mahali patupu kando ya kitanda, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Fundi hakuwahi kuiona maishani.

"Nibonyeze kwa mkono upi, mwanangu?" alinong'ona. "Mama kanishika yote miwili. Na safari hii haniachii."