Alama Kifundoni

Jua lilikuwa likitua mjane alipoingia ghalani na taa kuchukua chekeche. Ilikuwa siku ya tisa tangu amzike mumewe, muuza nafaka, aliyekutwa amelala kati ya magunia, vitundu viwili kwenye kifundo cha mguu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu na mshona magunia wa ghala hilo, ndiye aliyetangaza kuwa aliumwa na nyoka. Na jana, baada ya kula mezani pake na kusali naye, akawaambia wazee wa ukoo kwamba nyoka huyo alitumwa na mjane. Kesho wangeamua kama afukuzwe, awaache wanawe.

Giza lilinuka mahindi na panya.

Kisha... kwaru, kwaru.

Nyoka wa kahawia alichomoza chini ya ubao. Mjane hakukimbia. Marehemu alimwita nyoka huyo Karani, kwa kuwa hakuna gunia asilolikagua, wala panya aliyemsamehe. Kila alipoingia, marehemu aligonga ubao mara tatu ili asimkanyage.

"Huyu hana sumu, mama watoto," alizoea kusema. Siku moja alimwonyesha alipong'atwa: vidoti vingi, nusu duara, kama mkwaruzo wa miiba.

Vidoti vingi.

Si vitundu viwili.

Karani alirudi tunduni mwake ukutani, mahali ambapo hakuna ambaye angethubutu kutia mkono. Mjane alitaja jina la Bwana, akautia wake. Ngozi kavu iliyovuliwa... na chini yake sindano mbili za kushonea magunia, zimefungwa pamoja kwa uzi, ncha zimepakwa kitu cheusi.

"Umekawia, shemeji."

Mshona magunia alikuwa mlangoni.

"Ulimwosha kwa mikono hiyo," mjane alinong'ona. "Ukanishika bega nikilia."

"Nilimlilia kweli. Lete hizo. Nani atamsadiki mchawi?"

"Bwana huyaona ya sirini. Tubu, shemeji, ungali na pumzi."

Akacheka kidogo, akanyoosha mkono.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ubao uligongwa. Hapakuwa na mtu.

Taa ikazimika. Kitu baridi kilimpita mjane miguuni, bila haraka. Kisha akamsikia shemeji akimwita kaka yake, kwa sauti ya mtoto aliyefumaniwa akiiba.

Asubuhi wazee waliizunguka maiti ya mshona magunia. Kifundoni palikuwa na vidoti vingi, nusu duara. Jeraha lisiloweza kuua hata kifaranga. Mjane akaapa mbele za Mungu kusema kweli, akawakabidhi sindano.

Baba mkubwa, kiongozi wa wazee hao, alizigeuza kiganjani kwa muda mrefu.

"Zilikuwa wapi, mwanangu?"

"Katika tundu la ukutani."

"Nani alikuonyesha?"

Wanawe wawili walikuwa wameshika gauni lake. Uongo mmoja mdogo ungetosha kumwokoa. Lakini alikuwa ameapa, na kinywa kilichomwita mwenye dhambi atubu hakikuweza kugeuka.

"Nyoka," akasema.

Wazee wakarudi nyuma hatua moja. Mkono mmoja ukaliachia gauni lake, taratibu.

Ulikuwa wa kifungua mimba wake.