Sarafu Iliyolala Ndani ya Plastiki

Kila siku alasiri, Chiriku alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda kuketi mkekani karibu na kiti cha bibi yake. Saa hizo jua lilipenya kwenye pazia la manjano, na chumba kizima kikaonekana kama kimemiminiwa asali. Bibi hakuona asali hiyo. Macho yake yalikuwa yamezimika polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Lakini alijua saa kwa joto la jua kwenye magoti yake. Jua likifika goti la kushoto, bibi husema, "Haya, Chiriku, nipe habari za dunia."

Chiriku si jina lake la shuleni. Ni bibi aliyemwita hivyo, kwa sababu, kwa maelezo yake, mtoto huyu alianza kuongea siku tatu kabla ya kuzaliwa, mpaka mkunga akamwomba anyamaze kidogo ili watu wafanye kazi.

Siku moja mjomba, mtoto wa kwanza wa bibi, aliichukua sarafu ya zamani ya mama yake akaipeleka kwa wataalamu wanaopima sarafu na kuzipa daraja. Ilirudi imelala ndani ya kasha la plastiki gumu, angavu kama maji, lisilo na kifuniko wala tundu. Ndani yake, juu ya sarafu, kulikuwa na karatasi ndogo yenye namba ya daraja. Mjomba alifurahi utadhani amerudi na mwezi mfukoni. Bibi aliligeuza kasha lile mara tatu.

"Hiki nini?"

"Sarafu yako, mama. Sasa hata vumbi haliigusi."

"Hata mimi siigusi," bibi akasema. "Sarafu yangu ina alama ya jino la marehemu baba yako ukingoni. Hapa nimeshika kigae cha bafuni. Sema tu umeipoteza."

Mjomba aliapa mbingu na ardhi. Haikusaidia. Bibi aliliweka kasha dirishani, akakunja mikono. Kuanzia hapo jua lilifika goti la kushoto, likapita, na hakuna aliyeulizwa habari za dunia.

Chiriku alielewa. Enzi za babu, kila jioni wazee hao wawili walirusha sarafu hiyo kuamua nani apike chai. Upande mmoja una ndege aliyetandaza mabawa, upande wa pili una namba. Bibi alichagua ndege siku zote. Babu aliirusha, akaidaka, akaifunika kwa kiganja na kuchungulia peke yake. Kwa miaka arobaini mfululizo ikawa ndege, na kwa miaka arobaini mfululizo babu akapika chai.

"Basi Jumamosi mpelekeeni fundi saa aifungue," mjomba akasema kwa unyonge kabla ya kusafiri. "Lakini mtu asiiguse mpaka siku hiyo."

Jumamosi ilikuwa mbali mno. Alhamisi, Chiriku alikaa akilitazama kasha dirishani mpaka akaanza kuona mambo. Aliona ndege akipumua, na mabawa yakigonga ile plastiki taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Akajiambia, nikimfungulia leo, bibi atacheka leo.

Akachukua kisu cha jikoni, akajibanza nyuma ya mlango, akachokonoa kona ya juu. Kisu kikateleza, kikamkata kidole. Halafu, tak! Ufa mwembamba kama unywele ukachora njia kutoka konani kuelekea katikati. Alitafuta gundi kali ambayo mama yake hutengenezea kandambili, akapaka kwenye ufa, akaufuta kwa sketi, na ufa ukapotea machoni. Akarudisha kasha dirishani. Mama alipouliza kuhusu kidole, alijibu, "Wembe wa kuchongea penseli."

Siku mbili hizo hakuzungumza zaidi ya ndiyo na hapana.

"Chiriku," bibi akasema, "umemeza nini? Nyumba imekuwa kubwa ghafla."

"Sijameza kitu, bibi."

Jumamosi walikwenda, bibi akiwa amemshika begani. Karakana ya fundi saa ilikuwa chumba chembamba chenye saa ukutani kuanzia sakafuni hadi darini, na kila moja ilikuwa na maoni yake kuhusu wakati. Ukiingia saa nne unaweza kutoka saa tatu. Fundi mwenyewe alikuwa rafiki wa babu tangu ujana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Karibu, shemeji, keti hapa mbali kidogo na vumbi langu."

"Vumbi lako nalijua, shemeji. Lina umri mkubwa kuliko mimi."

Fundi alicheka, akatandika kitambaa kinene cha flaneli mezani. "Msiwe na wasiwasi. Mimi niliwahi kufungua saa ndogo mpaka ikabidi niazime miwani ya sisimizi. Na alinidai miwani yake mwaka mzima!"

Alipiga kwanza picha ya kasha pande zote mbili. Kisha akamgeukia bibi, na safari hii hakutania. "Shemeji, ikitoka humu, ile karatasi ya wataalamu haitakuwa tena na nguvu. Sarafu ni yako. Umekubali?"

"Kama ni yangu, nimekubali. Kama si yangu, vunja tu."

Fundi alivaa miwani ya kukinga macho, akampa Chiriku nyingine, iliyomfunika mpaka mashavuni. Alilizungushia kasha taulo, akaacha kona moja tu nje.

"Tazama. Sarafu inakaa katikati. Kazi yetu ni pembeni tu. Nyundo hapana, kisu hapana. Nabana kona kidogo kidogo kwa koleo ya kukatia waya mpaka mshono ufunguke. Taulo linazuia vipande visituruke machoni."

Akaweka koleo kwenye kona ya juu. Kona ile ile.

Saa zote ukutani zilionekana kunyamaza. Chiriku alimwona ndege ndani ya plastiki amegeuza shingo, anamtazama yeye. Alifungua mdomo, ukakataa. Akaufungua tena.

"Babu, usibane hapo!"

Koleo ikasimama.

"Pana ufa. Mimi... Alhamisi nilichokonoa kwa kisu, nikapaka gundi usionekane. Na kidole changu si wembe. Ni kisu hicho hicho."

Fundi alivua miwani, akachukua lenzi yake ya saa, akaibana jichoni na kuitazama kona kwa muda mrefu.

"Gundi imeujaza vizuri," akasema hatimaye. "Macho yangu ya kizee yasingeuona. Ningebana hapa, ufa ungekimbia moja kwa moja mpaka kwenye sarafu, na kipande chenye ncha kingemkwaruza huyu ndege shingo. Mkwaruzo huo haufutiki, mjukuu. Asante kwa kusema."

Akaligeuza kasha, akaanza na kona ya chini, upande wa mbali na ufa. Kla. Kla. Vipande vidogo viliangukia ndani ya taulo kama punje za chumvi. Mshono ulipoachia, aliingiza ncha ya bisibisi bapa pale pembeni kabisa.

"Bisibisi inazungushwa, haisukumwi," alinong'ona, kama anayembembeleza mtoto alale. "Ukiisukuma, itateleza hadi kwenye sarafu."

Plastiki ikatoa sauti ndogo ya kukohoa, ikagawanyika mbili. Gundi haikuwa imefika katikati. Fundi aliinamisha nusu ya chini, na sarafu ikateleza juu ya flaneli bila hata kulia.

"Ishike kwa ukingo, usiguse uso wake. Na nikisikia mtu ameisugua kwa ndimu na jivu ing'ae, namfungia ndani ya saa ya ukutani, atoke akiwa na ndevu." Ile karatasi yenye namba akaitia kwenye bahasha, kwa ajili ya mjomba.

Chiriku aliiweka sarafu kiganjani mwa bibi. Kidole cha bibi kilitembea ukingoni, pole pole, kikazunguka nusu, kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena palepale.

"Jino lake," bibi akasema.

Alasiri hiyo walikuwa nyumbani, chumba kimejaa asali. Bibi alisema, "Rusha. Mimi ni ndege, kama kawaida. Anayeshindwa anapika chai."

Chiriku aliirusha juu ya mkeka. Sarafu ikapanda ndani ya mwanga, ikazunguka, ikatua. Namba. Angeweza kusema ndege. Babu angesema ndege. Nani angejua?

"Ni namba, bibi."

Kisha bibi akacheka mpaka kiti kikalia. "Miaka arobaini sijawahi kusikia neno hilo! Unadhani sikujua kwamba babu yako ananidanganya? Nilikuwa na macho yangu wakati ule, nikaona anavyochungulia na kumeza mate. Ulikuwa mchezo wa watu wawili wanaojua. Lakini wewe, Chiriku, sasa ndiye macho yangu. Macho yakiniambia njia ni safi wakati pana shimo, nitaanguka. Ukikosea, niambie mapema, wakati bado tunaweza kugeuza kasha na kuanzia kona nyingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi. Mama naye nitamwambia ya kidole."

"Vizuri. Sasa nipeleke jikoni, nimeshindwa kihalali."

Alishika bega la mjukuu wake, akapika chai kwa kupapasa, akamwaga kidogo, akalaumu birika. Waliporudi dirishani, jua lilikuwa linaliaga goti lake la kushoto.

"Haya, Chiriku," akasema, akiizungusha sarafu kwa ukingo wake, "nipe habari za dunia. Anzia Alhamisi."