Bahasha ya Luther Hostetter

Jamaa zangu wa hapa Lititz, Pennsylvania, leo sina masihara. Wengi wenu mlikuwapo kwenye ukumbi wa zimamoto siku ile, mkainamisha vichwa mkajifanya mnatafuta kofia zenu. Basi isikieni habari ya nyumba ya Brubaker tangu mwanzo, na mwenye kuwashwa ajikune.

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, baada ya ibada. Verna Hostetter, mjane wa Luther seremala, alikuwa amekata pai ya molasi na kumimina kahawa. Mezani walikaa majirani zake, Harlan Brubaker, mkusanya sarafu, na mkewe Lorraine. Lorraine na Verna walikuwa mashoga wa miaka thelathini, kila mmoja na ufunguo wa mlango wa mwenzake. Walicheka, walisengenya kidogo kuhusu kwaya, kahawa ikaongezwa.

Kisha Verna akaleta boksi la sigara. Ndani mlikuwa na senti kubwa za shaba, zile za miaka ya mwanzo ya taifa letu. Luther alizikusanya maisha yake yote, kila moja ndani ya bahasha yake ndogo.

"Tanuri la kupashia nyumba joto limekufa," Verna alisema, "na kodi ya ardhi inanisubiri. Nikikosa kitu humu, nauza nyumba. Harlan, ndugu yangu, wewe ndiye mwenye jicho. Hebu niangalizie. Kuna ya maana?"

Mnajua mambo ya senti hizi. Enzi zile mihuri ya chuma ya kupigia sarafu ilichongwa kwa mkono, mmoja mmoja, ndiyo maana senti mbili za mwaka mmoja huwa hazifanani. Kwenye mchoro wake, hapa jani limeinama, pale tunda limesahauliwa. Muhuri uliopasuka mapema uliacha senti chache tu, na hizo ndizo watu wanazozitolea roho. Asiyejua huona shaba chakavu.

Harlan aliweka lenzi jichoni. Aliipitia ya kwanza, ya pili, ya tisa. Alipofika kwenye senti moja ya mwaka 1797, Lorraine alimwona ameacha kutafuna. Kwenye shada la majani la upande wa nyuma, karibu na utepe, tunda moja halikuwapo. Juu ya bahasha yake Luther alikuwa ameandika kwa penseli tarakimu mbili na nyota. Verna alidhani ni vipimo vya mbao. Harlan alijua ni namba ya muhuri, na nyota ile maana yake ni adimu.

"Za kawaida," alisema. "Zimechakaa. Lakini kwa ajili ya Luther, nazichukua zote kwa bei nzuri."

"Una hakika?"

"Verna, tumejuana tangu lini mimi na wewe? Ningekuficha?"

Verna akamwachia boksi zima kwa bei aliyoitaja, halafu Harlan akaomba kipande cha pili cha pai. Mtu anamwibia mama huku anasogeza sahani aongezewe.

Walipokuwa wakivuka barabara kurudi kwao, Lorraine alimshika mkono. "Umeona nini kwenye lile boksi?"

"Nini tena?"

"Usinizuge, bwana. Uso wako naujua kuliko wangu."

Harlan hakuweza kujizuia, akamwambia. Alikuwa anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. Lorraine alisimama palepale barabarani.

"Mwenzio anapoteza nyumba."

"Ndiyo mchezo, mama. Ukiiona, ni yako, na mdomo unafungwa. Kila mtu kwenye chama chetu cha sarafu anafanya hivyo. Mimi nimesoma mihuri hii miaka arobaini. Yeye kasoma nini?"

"Alikuuliza, Harlan."

"Na mimi nikajibu. Twende, baridi hii."

Na Lorraine akafanya nini? Alinyamaza. Alikwenda nyumbani akaosha vyombo. Verna alipompigia simu, aliiacha ilie. Wiki zikapita, kibao cha kuuza nyumba kikasimama mbele ya nyumba ya Verna, kikang'olewa, na mkataba ukatiwa saini. Ufunguo wa mlango ule ulibaki kwenye ndoano jikoni kwa Lorraine, na kila alipoutazama alijichukia.

Jumamosi moja ya Novemba, chama cha wakusanya sarafu kikafanya maonyesho yake kwenye ukumbi wa zimamoto. Harlan aliiweka senti chini ya kioo na kadi iliyosema ni mojawapo ya tano zinazojulikana. Na hapo tamaa ikamponza. Wenye kazi hii hupenda sarafu yenye ukoo. Bahasha ya mwenyewe wa zamani huipandisha hadhi. Basi akailaza bahasha ya Luther kando yake, penseli ile ionekane.

Verna alikuja asubuhi hiyo kuleta pai za kina mama wa kanisa, za mwisho kabla hajahamia kwa mpwa wake huko Ohio. Akapita mezani kwa Harlan. Akasimama. Alisoma kadi, akaisoma tena.

"Huu ni mwandiko wa Luther," alisema.

Harlan akakohoa. "Verna, sikukuibia. Hukujua ulichokuwa nacho, basi."

"Ndiyo maana nilikuuliza," Verna alisema. "Nilikuuliza mezani kwangu, mdomo wako umejaa pai yangu."

Harlan aliwatazama wenzake wamtetee. Wote walikuwa wanatazama sakafu, maana karibu kila mmoja alikuwa na Verna wake aliyewahi kumficha. Mjane alifungua kioo kwa mkono wake, akachukua bahasha tu, senti akaiacha, akatoka.

Lorraine aliinyakua senti akamkimbilia hadi kwenye maegesho. "Verna, shoga yangu, chukua. Nilijua. Nilijua tangu siku ile."

Verna aliipokea, maana haki ni haki. Akaitia kwenye bahasha.

"Mwezi uliopita hii ilikuwa nyumba yangu, Lorraine," alisema. "Leo ni shaba tu. Nipe na ufunguo wangu, wenyewe wapya watautaka."

Akafunga mlango wa gari. Hajapiga simu hadi leo.

MAFUNZO

Elimu si leseni ya kumla asiyekuwa nayo. Ukiona thamani kwenye mkono wa mwenzio naye akakuuliza, mwambie, hata kama chama kizima kinakukonyeza ukae kimya. Mchezo unaomtoa mjane nyumbani kwake ni wizi.

Nanyi mnaosema, "Aa, huyo ni Harlan, si mimi," mkumbukeni Lorraine. Hakuchukua hata senti moja. Alifunga mdomo tu, na nyumba ikaenda. Haya, rudini makwenu, mkafungue maboksi yenu, na kila mtu ajiulize bahasha zile ni za nani.